Shangazi Alivyooza Vyuma Vyake

Shangazi yangu aliolewa kwa mahari ya vyuma. Wanawake wengine wa mtaa wetu wa Waislamu pale Arua walipewa ng'ombe, au vitambaa, au ahadi. Yeye alipewa fuawe, nyundo, koleo na feni ya mkono ya kuvuvia moto, kwa sababu mhunzi aliyemposa hakuwa na kitu kingine duniani isipokuwa mdomo. Imamu alipomuuliza anatoa nini, alijibu, "Vyuma yangu yote, na ile itakuja nyuma." Mashahidi walicheka. Imamu akasema yeye hana neno ikiwa mwanamke ameridhika, na mwanamke, kutoka chumba cha pili, akasema ameridhika, ila asiambiwe avibebe.

Katika vyuma vile, kikubwa kuliko vyote kilikuwa fuawe, lile bonge ambalo mhunzi huweka juu yake chuma chenye moto akakipiga. Lilikaa juu ya kisiki cha mti, na kulihamisha kulitaka wanaume wanne na matusi mengi. Mume wa Shangazi aliliita Bibi. Alikuwa nalo kabla ya kuoa, kwa hiyo kwa hesabu yake ndilo lilikuwa mke mkubwa.

"Hapa iko bibi mbili," alipenda kuwaambia wateja. "Mkubwa iko inje, mdogo iko ndani. Mkubwa napigwa kutwa, mdogo hapana guswa."

"Na mkubwa hapana kula," Shangazi alijibu kutoka jikoni. "Ndiyo maana unapenda yeye."

Nikifikiri vizuri, Shangazi yangu alipewa mke mwenza kuwa mahari yake. Sijasikia mwingine. Na nyumba nzima, nami nikiwemo, tulizoea kumtaja Bibi kama mtu: Bibi amelala, Bibi ameamka, Bibi leo ana kelele. Hata siku ya Idi alifutwa vumbi na kupakwa mafuta.

Vile vyuma vya "itakuja nyuma" vilikuja kweli, kimoja kimoja: mashine ya kutoboa ya kuzungusha kwa mkono, jiliwa la kubania, jiwe la kunolea lenye kanyagio. Watoto hawakuja. Fundi wa mwisho aliyefunzwa pale aliingia jeshini, akapewa chuma ambacho kilikuwa kimekwisha kufuliwa na wengine. Mume wa Shangazi alipofariki, miaka ile ya sabini, muda si mrefu baada ya Wahindi kuondoka na maduka kubadilisha wenyewe, wakati sukari ilipoanza kuwa habari badala ya kuwa chakula, karakana ilibaki na vyuma vyote na haikuwa na mkono hata mmoja.

Mkono mmoja ulijitokeza haraka, tena kwenye matanga. Ulikuwa wa shemeji yake Shangazi, mdogo wa marehemu, mtu wa Vurra, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama mpakani na kuonekana anajuana na watu. Tayari alikuwa na wake wawili, na wote wawili walikuja matangani kula kwa bidii ya watu waliopata likizo. Baada ya dua aliingia karakanani, akaketi kwenye kigoda cha kaka yake, akazungusha feni kidogo, majivu yakamrukia kanzu.

"Vyuma ya mwanamke, sawa," alisema. "Mahari ni mahari, mimi hapana bisha dini. Lakini vyuma nataka mwanaume. Eda ikiisha, mimi nakuja kaa hapa."

Kila mtu alielewa. Kwetu neno "kukaa" halina mwisho. Mtu akikaa karakanani adhuhuri, chakula kitamkuta hapo. Akila hapo, jua litamchwea hapo. Na mwanamume ambaye jua linamchwea kwenye ua wa mjane wa kaka yake hahitaji tena kuposa. Wazee waliitikia kwa vichwa kana kwamba mtu amejitolea kuchimba kisima. Mimi niliitikia pia, kwa adabu. Sikuwahi kuona kichwa kikiitikia bila changu kufuata.

Siku chache baadaye Shangazi aliniita. Mwanamke aliye kwenye eda hatoki ovyo wala haonwi na wanaume wa kando, lakini mimi ni mtoto wa kaka yake, ninaweza kuingia hata ndani ya pazia. Ndugu zangu wengine walikuwa jeshini au mbali. Mimi nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na kurudi nyumbani kusubiri kazi, na katika kusubiri nilikuwa fundi. Nilikuwa na mkeka wangu, kikombe changu, redio ya baba, na upande wa ukuta wenye kivuli asubuhi na mwingine wenye kivuli jioni. Safari yangu ndefu ya siku ilikuwa kutoka ukuta huu hadi ule.

"Wewe nafanya nini siku hizi?" aliniuliza.

"Nasubiri kazi, Shangazi."

"Kazi iko najua nyumba yako?"

"Bado."

"Basi mimi iko najua." Akajifunga vizuri shuka lake jeupe la ujane. "Sikiliza. Ile vyuma yote itoke mbele ya eda kwisha. Kila moja ipate nyumba yake. Karakana ibaki ukuta tu. Huyu mutu akija, atakaa juu ya nini? Atavuvia nini?"

Nilijaribu kutafuta njia ambayo ningeitekeleza nikiwa mkekani. "Kwa nini tusipige kufuli tu, Shangazi? Vikae humo. Chuma hakiozi."

"Haiozi?"

"Haiozi. Tulisoma."

"Basi mimi nitaoza yeye," alisema Shangazi. "Oza ya harusi, hapana ya harufu. Na wewe ndiyo mshenga."

Alikuwa na masharti kama mama mwenye mabinti wengi. Hataki mtu wa kuvunja na kuuza vipande. Hataki mtu wa kuweka chuma chini ya kitanda. Hataki mtu ambaye ataweka kuku juu yake. Na kila mchumba aje mwenyewe, asimame uani upande wa pili wa pazia, aulizwe swali moja: siku ambayo hakuna kazi, utafanya nini? Mimi nilipewa kazi ya kuwatazama viganja. Wa kwanza niliyemtazama alikuwa fundi wa kukarabati baiskeli kule Onduparaka, na mara nilipogeuza kiganja chake naye akageuza changu. Akakibonyeza kidogo kwa kidole.

"Huu mkono umewahi kutumika?" aliuliza.

"Kwa vitabu," nilisema.

"Haa. Mkate ya maziwa."

Shangazi nyuma ya pazia alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha kifua. Kisha akauliza swali lake.

"Siku hakuna kazi?" yule fundi baiskeli alijibu bila kuwaza. "Siku hakuna kazi, mama, mimi nakwenda tazama mpira. Hata siku iko na kazi, mpira ikiwepo mimi nakwenda."

Nikajua amekwisha. Lakini pazia halikukohoa. "Mpe ile ya kutoboa na ile jiwe," alisema Shangazi. "Huyu ataacha vyuma ipumzike. Marehemu hapana pumzisha kitu."

Aliyefuata alikuja kwa lori kutoka Vurra, mfanyabiashara wa kupeleka vitu ng'ambo Kongo, na alitaka vyote kwa pamoja bila hata kuviona. Viganja vyake vilikuwa laini kama vyangu, nikamhurumia. Alipoulizwa swali alisema, "Siku hakuna kazi, mama, nauza."

"Na siku iko kazi?"

"Nauza vizuri zaidi."

Shangazi akamshukuru, akamtakia safari njema, na aliponiambia nimsindikize aliongeza kwa sauti ya kusikika kwamba nihesabu vyuma lori likishaondoka. Jiliwa lilipata seremala mzee ambaye kwa swali lile alisema siku hakuna kazi atafanya jeneza lake mwenyewe. Feni, koleo na nyundo vilikwenda kwa ndugu wawili wa Kilugbara waliokuwa wanafua visu karibu na soko, ambao walijibu wote kwa pamoja, kila mmoja jibu lake, wakaanza kugombana uani, na Shangazi akasema nyumba yenye kelele namna hiyo moto wake hautazimika.

Akabaki Bibi.

Hakuna mtu Arua aliyemtaka Bibi. Alikuwa mzito mno, na waliobaki walitaka vitu vya kubebeka kwa baiskeli. Eda nayo ilikuwa inakwenda mwisho. Shangazi akakumbuka kwamba marehemu alikuwa akimsifu mhunzi mmoja wa Koboko kwa majembe yake, ingawa walikuwa wamekutana mara chache tu sokoni. "Nenda Koboko," aliniambia.

"Koboko?"

"Hapana Makka. Koboko."

Nilipanda lori la tumbaku, juu ya mizigo, nikatapika kabla hatujaacha nyumba za mwisho za mji. Kwenye kizuizi cha barabarani askari aliniangalia nilivyokuwa wa kijani, akaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikamwambia ukweli: namtafutia Bibi nyumba. Akacheka mpaka bunduki ikamteleza begani. "Hata mimi iko na nafasi," alisema, akatupisha. Sikuelewa kilichomchekesha, nikadhani ni rangi yangu.

Ni lazima nieleze Kiswahili changu. Nilikiokota mtaani kama kila mtu, kisha nikakipiga pasi kwa redio na vitabu, na wakati ule nilijivuna nacho sana. Mtu wa kawaida angefika Koboko akasema, "Iko chuma kubwa, unataka?" na mambo yangekwisha. Mimi nilikuwa na sarufi.

Mhunzi nilimkuta chini ya bati lake karibu na soko, mtu mpana, ndevu zimeanza kuwa nyeupe, anafua jembe juu ya kipande cha reli. Nikamsalimu, nikamwambia nimetoka Arua, kwenye nyumba ya mwenzake aliyefariki. Akaweka nyundo chini, akatoa pole, akanikaribisha.

"Nimetumwa kwa habari ya Bibi," nikasema. "Bibi wa marehemu."

"Haya. Bibi iko namna gani?"

"Yu salama, ila sasa yuko peke yake, na haifai aachwe hivyo. Tunamtafutia nyumba. Jina lako limetajwa."

Alipangusa mikono kwa muda mrefu. "Mimi? Kijana, mimi iko mutu mzima. Bibi yangu alikufa."

Nikaangalia kile kipande cha reli, nikaelewa: kumbe naye alikuwa na fuawe lake, likapasuka, ndiyo maana anahangaika na reli. "Pole sana, mzee," nikamwambia. "Basi nafasi ipo."

"Nafasi... iko," alisema polepole. "Lakini yeye, umri gani?"

"Mkubwa kukushinda wewe."

"Kunishinda mimi?"

"Wa zamani ndio wenye nguvu, mzee. Hawa wa siku hizi wanapasuka."

Alilifikiria hilo. "Mimi nasikia yeye mwembamba."

"Mwembamba?" Nilicheka, naona nilicheka kwa dharau kidogo. "Wanaume wanne wanamwinua kwa shida."

Mhunzi akaketi. Nikaona amevutiwa, nikazidisha sifa kama mshenga. Nikamwambia mgongo wake bado umenyooka kabisa, kwamba hana hasira, kwamba anafanya kazi kutwa bila kuomba chakula. "Na ukimpiga," nikasema, "analia kama kengele. Mtaa mzima unasikia."

Uso wake ukabadilika. "Mimi hapana piga bibi."

"Sasa usipompiga, utamweka wa nini?"

"Kijana," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayejizuia, "hii desturi ya Arua ni mbaya sana."

Nikadhani wahunzi wa Koboko wana namna yao ya kufua. Sikutaka kubishana na mtu kwenye kazi yake. Nikaendelea na jambo la maana: kwamba ni lazima aondoke kabla ya eda kwisha.

"Kabla?" Alisimama tena. "Kabla ya eda?"

"Kabla. Ikiisha, kuna mtu kutoka Vurra atakuja kukaa."

Neno "kukaa" linaeleweka mpaka Koboko. Alitazama reli yake, akatazama barabara, akavuta ndevu. "Kumbe wanasumbua yeye," alisema mwishowe. "Basi mimi nakuja na wazee. Na sheikh, kwa sababu hii maneno ya eda mimi hapana juwa."

"Njoo na vijana pia," nikamshauri. "Wenye migongo."

"Vijana ya nini?"

"Kumbeba."

Nilirudi Arua nimefurahi kama mtu aliyefaulu mtihani. Nikamwambia Shangazi kwamba mchumba wa Bibi amepatikana, mtu wa heshima, mwoga kidogo wa kupiga, lakini atazoea.

Walikuja asubuhi moja, na mtaa mzima ulijua kabla gari halijazimwa. Mhunzi alivaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe. Walikuwapo wazee wawili wenye fimbo, sheikh mwenye tasbihi, vijana wanne waliokuwa wakitazamana kwa wasiwasi, na mbuzi. Juu ya kichwa cha mzee mmoja kulikuwa na pakiti ya sukari imefungwa kitambaa. Sukari, miaka ile! Wanawake wa jirani waliokuja kuchungulia mbuzi walibaki kuchungulia sukari.

Nikawakaribisha uani. Pazia lilikuwa limeshushwa, Shangazi nyuma yake. Sheikh hakukubali kuketi.

"Sisi nakuja kwa heshima," alisema akielekea pazia, "lakini mimi kwanza nataka sema haki. Mwanamke ndani ya eda hapana poswa. Ni haramu. Mimi nakuja na hawa watu kuzuia, hapana kusaidia. Nani ameambia huyu fundi ati inawezekana kabla ya eda?"

Macho yote yakaja kwangu.

"Mimi," nikasema. "Mwenyewe ndiye anayetaka haraka."

Pazia likasema, kwa sauti ndogo sana, "Nani nataka haraka?"

"Wewe, Shangazi. Si ulisema Bibi aondoke mbele ya eda kwisha?"

Nilisikia mbuzi akitafuna kitu, baadaye tukajua ni kandambili yangu. Kisha nyuma ya pazia kukaanza mlio ambao sikuwahi kuusikia tangu matanga. Mjane hatakiwi kucheka kwa sauti akiwa kwenye eda; Shangazi alijaza shuka kinywani, na bado mlio ukapenya, na pazia likatikisika kama lina upepo wake.

"Peleka wageni," alisema alipopata pumzi, "wakaone bibi."

Nikawapeleka karakanani. Nikamwonyesha Bibi kwa mkono, kama ninayemtambulisha mtu. Hata pale nilikuwa bado sijaelewa. Niligundua nilipomwona mhunzi akilitazama fuawe, kisha akanitazama mimi, kisha akaitazama kanzu yake kuanzia kifuani mpaka chini.

"Hii ndiyo bibi?"

"Ndiye."

"Wanaume nne?"

"Wanne."

"Nalia kama kengele?"

Sarufi yangu yote ilikuwa imeniacha. Aliyeanza kucheka ni sheikh, tasbihi ikamwanguka; wazee wakamfuata; na wale vijana wanne, waliokuwa wamekaa njia nzima wakifikiria ni mwanamke gani wataitwa kumbeba, walicheka kwa faraja mpaka mmoja akaegemea mbuzi.

Mhunzi peke yake hakucheka. Alikuwa amelisogelea fuawe, akaweka kiganja juu ya uso wake, akakipitisha taratibu kama mtu anayetafuta vumbi. Kisha akaligonga kwa pete yake, kidogo tu, nalo likalia.

"Uliza yeye," Shangazi aliita kutoka uani. "Siku hakuna kazi, atafanya nini?"

Nikamuuliza. Alifikiri kuliko wengine wote.

"Siku hakuna kazi," alisema, "nitapiga yeye mara moja tu, asubuhi. Watu wajue fundi iko."

Nilirudi kwenye pazia kumpelekea jibu, ingawa alikuwa amelisikia. Nikadhani ameanza tena kucheka, nikasubiri, lakini pazia lilikuwa limetulia.

"Oza," alisema.

Mhunzi alitaka mbuzi abaki. "Nikirudi nayo Koboko," aliwaambia wazee wake, "watasema nimekataliwa. Bora waseme nimeoa chuma." Sukari nayo ikabaki. Vijana wakambeba Bibi pamoja na kisiki chake, kama mwali na kungwi wake, kwa matusi yale yale ya zamani, na gari liliposhuka upande mmoja kwa uzito wanawake wa jirani wakashindwa kuvumilia. Wakapiga vigelegele. Vilifika mpaka sokoni.

Na kutoka sokoni vilifika Vurra, vimekwisha kubadilishwa njiani. Kule vilifika hivi: bibi ya yule fundi wa vyuma ameposwa na mtu wa Koboko ndani ya eda, kwa mbuzi na sukari, na amepakiwa garini mchana kweupe, na sheikh alikuwapo akicheka.

Shemeji alikuja kwa baiskeli, jasho limempaka vumbi mpaka nyusi. Hakupiga hodi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akasimama katikati ya kuta nne na majivu, akageuka, akageuka tena. Hata kigoda cha marehemu hakikuwapo. Shangazi alikuwa amekiingiza ndani mapema.

"Leta kiti," aliniambia.

Nami, na hii ndiyo hatari ya kulelewa vizuri, miguu yangu ilikwisha kuondoka. Mgeni akiomba kiti mimi siwezi kusimama. Nilikwenda ndani, nikachukua kile kile kigoda, nikatoka nacho, nikafika kwenye kizingiti cha karakana nimekinyoosha mbele yangu kwa mikono miwili. Ndipo nyuma ya pazia kikasikika kikohozi. Kilikuwa kifupi na kikavu, na kilinijua jina.

Shemeji alikuwa ameshaanza kukunja magoti. Nikakiweka kigoda chini, nikakikalia mwenyewe.

"Wewe!" alisema, amebaki nusu angani. "Mimi ndiyo mgeni!"

"Samahani, mzee. Mgongo wangu unauma tangu tulipombeba Bibi."

"Kumbe kweli! Mlibeba yeye! Bibi ya ndugu yangu alikwenda Koboko?"

"Alikwenda."

"Na mwanaume?"

"Fundi wa huko. Mtu mzuri. Hata kupiga alikuwa hataki."

"Salaam alaikum, shemeji," Shangazi akasema kutoka nyumbani.

Aliruka. Sijawahi kuona mtu mzima akiruka kwa salamu. Alitoka mlangoni, akatazama pazia, akarudi akatazama mahali ambapo fuawe lilikuwa na ambapo sasa palikuwa na shimo dogo la kisiki na wadudu wake.

"Wewe iko hapa?"

"Mimi iko. Ile mkubwa ndiyo alikwenda."

"Na vyuma?"

"Yote imeolewa."

Alisimama akiyapanga hayo kichwani. Ningemhurumia kama nisingekuwa na shughuli ya kushikilia kigoda kwa makalio yangu yote. "Basi mimi," alisema mwishowe, na aliuliza kwa unyofu kabisa, "mimi nitakaa wapi?"

"Vurra," alisema Shangazi.

Mtoto wa jirani alimletea chai ya sukari ya Koboko, akainywa amesimama, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango wa karakana. Aliisifu. Akauliza kama kuna nyingine. Kisha akapanda baiskeli yake, na mpaka alipopinda kona ya msikiti mimi sikunyanyuka.

"Alikaa?" Shangazi aliuliza.

"Hakukaa."

"Hata kidogo? Hata chini?"

"Hata chini. Alikunywa amesimama."

"Hapana gusa kitu?"

Nilitaka kunyamaza, lakini yeye alikuwa na njia ya kunyamaza kunishinda. "Aliegemea mlango," nikasema. "Kidogo tu."

Pazia likafikiri.

"Kesho ita yule mutu ya baiskeli," alisema. "Mwambie iko mlango."

"Shangazi, mlango ni wa mbao. Mlango haukuwa kwenye mahari."

"Na wewe ulikuwa kwenye mahari?"

"Hapana."

"Basi nyamaza, tafuta nyundo."

Nyundo zote zilikuwa zimeolewa. Nikaungoa mlango kwa jiwe.